UKOO WA BI MKUBWA ❤️

Shangazi Zuhura: Asalaam aleikum. Tangu alfajiri naona tiki za buluu tu hakuna anojibu. Ni ile nauli ya treni ya Rukia na Hamisi, waende Nairobi wakajaribu dansi yao ya skeiti juu ya barafu pale hoteli ya Panari, Mombasa kiwanja hatuna na hizo skeiti za magurudumu zimelika zote kwa sakafu ya Mama Ngina

Omari: Barafu si iko kwa Mama Saidi, ya ukwaju 😂

Mwanaisha: 😂😂 na ya ubuyu

Shangazi Zuhura: Omari mwanangu nasema la maana. Maia na Alex Shibutani, wale wa dansi ya barafu, ni dada na kaka, walianza pamoja 2004 wakiwa watoto, ubingwa wa Marekani wakauchukua 2016 na 2017, na 2018 Olimpiki ya PyeongChang wakatoka na medali mbili za shaba. Jana nimemkuta Hamisi amepiga goti anamfunga Rukia kamba ya kiatu, imekatika ameiunga mafundo matatu

Mjomba Athumani: Ndugu kushikana kiuno mbele za watu?

Rukia: Mjomba shikamoo. Hii yetu hakuna kurushana juu, ni miguu kwenda sawa. Isabelle na Paul Duchesnay pia ni ndugu, walikuwa mabingwa wa dunia 1991

Mjomba Athumani: Marahaba. Pesa ni kidogo, aende Hamisi kwanza. Na Zuhura, hesabu ya hema la harusi ya Fatuma mpaka leo sijaiona

Shangazi Zuhura: Hema tena!! Risiti nilikupa mkononi, mbele ya Mwanaisha

Mwanaisha: Mie nilikuwa jikoni

Omari: Biriani ile lakini 🔥

Asha: Niko na Bi Mkubwa yuwasema niandike hivi. "Ngoma ya wawili hachezi mmoja. Waende wote au wakae wote, akienda Hamisi peke yake radhi yangu hana. Na Rukia avae suruali ndefu."

Shangazi Zuhura: Tumesikia mama

Mjomba Athumani: Sawa Bi

Shangazi Zuhura: Basi tumeni kwa namba yangu. Athumani wewe ndiwe wa kuandamana nao, Nairobi waijua

Mwanaisha: Mie mwisho wa mwezi inshallah

Mjomba Athumani: Nitaangalia. Hiyo risiti itume hapa

Hamisi: Shangazi ndio nimetoka mazoezini, ni treni ya asubuhi au ya usiku?