Injini ikizimika mara baada ya kuruka Dodoma: nigeuke au niende mbele?

Mwanafunzi wa urubani: Shikamooni wakuu. Ninajifunza kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na mkufunzi husisitiza kwamba injini ikizimika tungali chini tusigeuke kurudi uwanjani. Mbele naona vichaka na mashamba ya zabibu tu. Je, kurudi si salama zaidi?

Rubani mstaafu: Marahaba. Mkufunzi yuko sahihi. Nyuzi 180 hazitoshi, kwa kuwa lazima upitilize ndipo uilenge tena njia ya kurukia, na kadiri unavyoilaza ndege ndivyo inavyohitaji kasi kubwa zaidi ili mabawa yasipoteze nguvu ya kuinua. Shusha pua papo hapo, ushike kasi ya kuelea (kuteremka taratibu bila injini) iliyo katika kitabu cha ndege, kisha uchague mahali palipo mbele au kando kidogo.

Fundi wa ndege: Naongeza la hapa kwetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba hewa huwa nyepesi, hivyo ndege hupanda polepole na hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko ingekuwa Dar es Salaam, ingawa kipima kasi kinaonyesha namba ileile. Zabibu ziepuke, maana nguzo na nyaya zake huonekana umeshachelewa. Afadhali shamba la mtama lililovunwa.

Mwanafunzi wa urubani: Je, nijaribu kuiwasha upya?

Rubani mstaafu: Ukiwa juu, ndiyo: kagua mafuta na uvute joto la kabureta (hewa moto ya kuyeyusha barafu inayoweza kuziba kabureta), kama ndege yako inayo. Ukiwa chini, irushe ndege tu.