Naomba ushauri: mdogo wangu ameacha hata kujaribu

BintiWaKisauni
Assalaam aleikum wanabaraza. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kiume, miaka 24. Amesomea umeme chuo cha ufundi na cheti anacho. Zaidi ya mwaka alikuwa akidamka alfajiri kwenda kusimama kwenye mageti ya magodauni kule Shimanzi, hapa Mombasa, kutafuta kibarua. Siku moja moja huchaguliwa, nyingi hurudi mikono mitupu, na hajawahi kujua kwa nini fulani kachukuliwa yeye kaachwa. Barua za kazi ametuma mpaka akachoka, hata "hapana" hajaandikiwa.

Sasa ni mwezi wa nne tangu aache kutoka. Feni ya chumbani mwake imekufa, analala na joto hili la Februari, na umeme ndiyo fani yake! Ukimwambia aitazame, jibu ni "haina maana". Mama asema ni mvivu. Shangazi asema nyota yake imefungwa. Nimsaidieje?

MzeeWaMtongwe
Binti yangu, msimdekeze. Asipikiwe wiki moja, njaa itamtoa kitandani.

MkufunziTudor
Kwa heshima yako mzee, njaa haitamtoa. Mvivu hukimbia kazi lakini starehe huifuata. Huyu ameacha hata kujipepea, na dawa ya joto iko mikononi mwake. Wanasaikolojia wana jina la hali hii, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita unyonge uliofunzwa.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waligawa mbwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa shoti za umeme, ila mbwa akisukuma kibao kwa kichwa shoti inakatika. La pili lilipata shoti zile zile, kwa muda ule ule, lakini kibao chake hakikukata kitu. La tatu halikuguswa. Kisha wote wakatiwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati: ukiruka, umeokoka. Makundi mawili yakaruka. Katika lile la pili, robo tatu walikaa pale pale wakavumilia.

Tazama hapo vizuri. Maumivu ya kundi la kwanza na la pili yalikuwa sawa. Tofauti ni kwamba huyu juhudi yake ilizaa kitu na mwenzake haikuzaa. Lile geti la alfajiri ni kibao kisichokata shoti: uwahi, uchelewe, uwe na nguvu, uwe na cheti, jibu halifuatani na ulichofanya. Na mbwa wale, mzee wangu, hata walipowekewa chakula upande wa pili hawakuvuka. Ilibidi wavutwe kwa kamba mara nyingi, mpaka miili yao yenyewe ikaona kwamba kuvuka kunaokoa.

Kwa hivyo binti, maneno ya "jikaze" yaweke kando. Mtafutie kazi ambayo jibu lake linakuja ndani ya nusu saa na linatoka mkononi mwake. Unayo tayari: feni. Ila usianze na ya chumbani mwake, hiyo imeshaingia aibu. Anza na feni ya meza ya mama. Usimwambie "itengeneze", mwambie "njoo tuifungue tuone". Achomoe waya ukutani kwanza, kisha azungushe mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, vumbi na chumvi ya bahari vimeganda kwenye bushi, kile kipete kinachoshika chuma cha katikati kinapozunguka: asafishe, atie matone mawili ya mafuta ya cherehani. Yakizunguka kwa wepesi, lakini ukiwasha inavuma tu mpaka uisukume, kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza, imechoka. Mpya iwe na kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye ya zamani. Ikiwa kimya kabisa, afuate fyuzi ya plagi, waya, swichi.

Wewe shika tochi. Bisibisi usiiguse, hata akikawia, kwa sababu ukimalizia wewe umemfunza tena kwamba mkono wake hauhitajiki. Ikizunguka, usimwambie ana akili. Muulize, "Ulijuaje kuwa ni kapasita?" Ni muhimu aitaje sababu kwa kinywa chake.

Wiki ya kwanza feni mbili au tatu zatosha. Za majirani zije baadaye, kwa ujira mliopatana kabla, hata uwe mdogo, ulipwe kazi ikiisha. Pesa ya huruma itenganishwe na ya kazi. Kosa ninaloliona zaidi kwa familia ni furaha ya siku ya tano: kijana kacheka mara moja, basi anapewa orodha ya kampuni kumi za kupeleka barua. Mnamrudisha getini kabla hajapona.

BiRehema_Majengo
Mimi naongezea hili la nyota. Shangazi msimgombeze, ana uchungu na mtoto, na dua haina ubaya. Lakini sikilizeni neno lenyewe linafanya nini. Mwaka 1978 Lyn Abramson, Seligman na John Teasdale walieleza kwamba kinachomlemea mtu ni namna anavyojieleza alivyokosa: sababu ni yeye au ni jambo la nje? Itadumu au itapita? Imeshika maisha yote au pahali pamoja tu? "Nyota imefungwa" inadumu na inashika kila kitu: kazi, ndoa, hata feni. Na afungue nani? Mtu mwingine. Basi kijana anakaa kungoja.

Msiseme "si kweli", mtagombana bure. Semeni lililo dogo na la kweli zaidi: "Getini walikuwa watu wengi na nafasi chache." Hiyo ni sababu ya nje, ya pale tu, na nyumbani haimfuati. Wala asiambiwe kwamba kazi zimejaa ila yeye hajajipanga. Kazi ni chache kweli, na kumbebesha lawama ya uchumi ni kumwongezea mzigo.

BintiWaKisauni
Mungu awalipe. Sikutaja kwamba usiku halali, anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, mpaka karibu alfajiri, na chakula anakigusa tu.

NesiChangamwe
Dada, hapo msingoje feni. Huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, ikishika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi na chakula kuharibika, inafaa apimwe sonona. Hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili. Muguka nayo inafukuza usingizi, na ikimtoka mwilini mtu hunywea na kulala mchana kutwa, kwa hivyo mwelezeni daktari bila kuficha. Kwa sasa mshawishi asogeze mwisho wa kutafuna uwe kabla ya magharibi, na amke saa ile ile kila siku hata kama hakulala.

Na muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Umewahi kufikiria kufa au kujidhuru?" Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu ya panya nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

BintiWaKisauni
Kesho namwomba twende sote Port Reitz. Swali la mwisho: feni ya mama ikikataa je? Naogopa atasema "nilikwambia".

MkufunziTudor
Atasema, na ujiandae. Kabla hajafungua, aandike kwenye karatasi sababu tatu zinazowezekana: bushi, kapasita, waya (pamoja na fyuzi na swichi). Kila atakayoipima aikate kwa kalamu. Zikikatika zote tatu, amegundua kwamba yaelekea ni koili, waya uliosokotwa ndani ya mota, imeungua, na feni ya bei ndogo koili ikiungua hata fundi mkongwe huiacha. Hapo muulize, "Umejuaje kuwa si kapasita?" Akikujibu, mpe ya pili siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Tafuta iliyoganda bushi tu, uipime mwenyewe kwa kidole kabla hujamletea.