Mrejesho: mashine ya kukatia karatasi iliyoacha za chini

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kwa nini mashine yangu ya mkono inaacha karatasi za chini bila kukatika. Asanteni sana. Aliyesema nigeuze ule ufito wa plastiki chini ya kisu ndiye aliyepatia: ulikuwa umechimbika mfereji. Nimeugeuza upande mpya, sasa hata karatasi ya mwisho inakatika safi. Kupunguza idadi ya karatasi ninazokata kwa mara moja hakukusaidia kitu.

Kisu nimekipeleka kunolewa, kimefungwa kwenye ubao kwa skrubu kama mlivyonionya. Hata hivyo kilinichana kidole wakati wa kukirudisha. Kosa langu, nilivua glovu. Mashine bado inakata upogo kama milimita 1, nadhani ni kizuizi cha nyuma, kile ambacho karatasi huegemezwa kabla ya kukatwa. Hapo sijafanikiwa.