Thredi nyingi, koneksheni moja ya databesi: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za kazi. Naanza mimi.

Nilikabidhiwa programu yenye thredi 8 (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) za kuchakata maombi, na zote zinatumia koneksheni moja ya databesi ya PostgreSQL iliyofunguliwa programu inapowaka. Aliyeiandika alisema kufungua koneksheni ni gharama, na hapo hakukosea: PostgreSQL huanzisha mchakato mpya kwa kila koneksheni. Miezi ikapita salama. Kisha tukaanza kukuta maombi nusunusu: jina la mwombaji lipo, vipengele vya ombi lake havipo. Logi safi, hakuna kosa hata moja.

Siku 4 sikupata kitu. Nilipoamua kuchapa namba ya thredi mbele ya kila amri ya SQL, mambo yakajianika. Thredi ya 3 imefanya INSERT (amri ya kuingiza mstari) ya kwanza. Kabla haijafika ya pili, thredi ya 5 imemaliza kazi yake na kupiga COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko), nayo COMMIT ile ikabeba na nusu ya mwenzake. Thredi ya 3 ikagundua kipengele kina dosari, ikapiga ROLLBACK (amri ya kufuta mabadiliko ambayo hayajathibitishwa), lakini cha kurudisha hakipo tena, kimeshaandikwa.

Dereva yetu, yaani maktaba ya Python inayozungumza na PostgreSQL, ilikuwa psycopg2. Hiyo inaruhusu thredi kutumia koneksheni moja, inazipanga amri foleni zisigongane, ndiyo maana hakuna kilichopiga kelele. Foleni ya amri hailindi muamala, yaani kundi la amri zinazopaswa kufaulu au kufutwa kwa pamoja. Muamala ni wa koneksheni, si wa thredi. Natamani kila anayeanza kazi hii aambiwe hilo siku ya kwanza.

Wenzangu, yenu yalikuwaje?

Mchangiaji wa 2

Afadhali yako mkuu ilinyamaza, yangu ilipiga kelele. MySQL, msimbo wa C, thredi moja bado inasoma majibu, nyingine inatuma swali kwenye koneksheni ileile. Jibu: "Commands out of sync". Nikaweka kufuli (thredi moja tu ipite kwa wakati) kwenye kila amri, kosa likaisha, nikashangilia. Kumbe nimefika pale ulipokuwa wewe, miamala inachanganyikana. Nikapanua kufuli lishike muamala mzima. Data ikatulia, ila thredi 12 zikawa zinasubiriana mlangoni, kasi ya thredi moja. Mwisho nikaipa kila thredi koneksheni yake.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni SQLite kwa Python. Moduli ya sqlite3 hukataa koneksheni kutumiwa na thredi ambayo haikuifungua. Nikaona watu wanashauri `check_same_thread=False`, nikaweka. Jamani, ile inazima ulinzi tu, kupanga zamu za kuandika kunabaki juu yako.

Mchangiaji wa 4

Nadhani sote tunaishia kwenye hodhi la koneksheni: zinafunguliwa kadhaa mapema, thredi inaazima moja, inamaliza muamala, inarudisha. Lakini hodhi nalo lina mitego yake.

Kwetu ni Java na HikariCP, maktaba ya hodhi, ambayo isipoguswa huwa na koneksheni 10, na anayekosa husubiri sekunde 30 kabla ya kupewa kosa. Kazi zikizidi, programu yote inaganda sekunde 30 kamili. Databesi yenyewe haina mzigo! Tulikuta thredi ikiwa ndani ya muamala inaita kipande kingine cha msimbo, nacho kinaazima koneksheni ya pili. Thredi 10 zikishika moja moja kwa wakati mmoja, kila moja inangoja ya pili ambayo haitarudi. Mwenzetu akataka tuongeze hadi 50. Nilikataa, maana tulikuwa na seva 4 za programu, na PostgreSQL isiporekebishwa hupokea koneksheni 100 tu. Tulichofanya ni kupitisha koneksheni ileile ya kwanza hadi kwenye kipande cha ndani, kwa kuwa thredi ni moja na muamala ni mmoja.

Mchangiaji wa 5

Niongezee: usifungue koneksheni kisha ukafanya `fork`, yaani kuugawa mchakato uwe mzazi na mtoto. Mzazi na mtoto wanabaki na soketi moja (njia ya mawasiliano na databesi), majibu ya huyu yanasomwa na yule. Fungua baada ya kugawanyika.

Mwanzisha mada

Shukrani sana wakuu. Mchangiaji wa 4, hilo la kuazima mara mbili nimekwenda kulitafuta kwangu na nimelikuta sehemu mbili, nalirekebisha leo.

Kwa anayeshuku programu yake: andika jaribio la thredi mbili. Ya kwanza ifanye INSERT, ilale sekunde 2, kisha ipige ROLLBACK. Ya pili ipige COMMIT katikati ya usingizi huo. Halafu hesabu mistari ya ile ya kwanza. Kwangu ilipaswa kuwa 0, nikakuta 1.