Mrejesho: wale vyura wa Kihansi

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama ni kweli vyura wa huku kwetu Kihansi walipelekwa Marekani wakazalishwa huko, maana mwanangu alirudi na hilo swali toka shule nikashindwa kumjibu. Aliyeniambia nikamuulize mjomba hapa Iringa, ubarikiwe sana, nimeenda jana.

Ni kweli kabisa. Mwaka 2000 walichukuliwa 499 wakapelekwa Bronx Zoo, New York, sababu maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme yale manyunyu ya maporomoko yalipungua sana na kachura kenyewe kanaishi kwa manyunyu. Mwanzoni walikufa wengi mno, ikabidi wawekwe kwenye matangi yenye manyunyu na taa maalumu. Halafu hawa hawatagi jamani, wanazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kama punje ya mchele! 2009 wakatangazwa wametoweka porini, 2010 wakarudishwa 100 chuo kikuu Dar, 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao, kumefungwa mabomba ya kunyunyiza. Nilifurahi mpaka machozi. Dogo sasa anataka tukawaone, naulizia utaratibu wa kuingia.