UZI: Wenye kozi fupi za filamu Bagamoyo, mnapokea ada halafu hamfundishi sauti wala skripti

Wakuu, hili limenikaa kooni, naliweka hapa wahusika walisome.

Kozi za miezi mitatu za filamu na vipindi vya televisheni zinazofunguliwa hapa mjini zinampeleka kijana ufukweni na kamera, anajifunza kutia ukungu nyuma ya mhusika, anaonyeshwa droni ikiruka juu ya magofu ya Kaole, anapewa cheti. Fungua kazi yake ya mwisho: maneno ya waigizaji hayasikiki! Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia mhusika kasema nini, anabadilisha chaneli.

Maiki ya juu ya kamera si ya mazungumzo. Kamera ikiwa mita tatu kutoka kwa mwigizaji, maiki nayo iko mita tatu, inaokota mawimbi, bodaboda na mwangwi wa kuta za mawe za Mji Mkongwe. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya mtu inashuka desibeli 6 hivi, ila kelele za mazingira zinabaki palepale. Ndiyo maana bumu, yaani maiki iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, inashushwa hadi nusu mita hivi juu ya kichwa, nje kidogo tu ya fremu, ikielekea mdomoni. Na kwa upepo wa baharini sponji peke yake haitoshi, maiki ivalishwe manyoya. Mngurumo ukishakaa juu ya maneno, hakuna programu itakayoutoa bila kula na sauti ya mtu.

Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24. Vilele vya mazungumzo vicheze karibu na desibeli hasi 12 kwenye mita ya kinasa, visiguse sifuri, ambayo ndiyo mwisho wake, maana sauti iliyopasuka haishoneki. Ndani ya nyumba zimeni feni na friji (ufunguo wa gari uwekwe ndani ya friji, hapo hakuna atakayeondoka bila kuiwasha). Kabla ya kuhama chumba, wote wakae kimya sekunde 30 mrekodi ukimya wake, vinginevyo mhariri akikata neno panabaki shimo linalosikika. Haya yote mnayapa asubuhi moja, kweli?

Hata hiyo kamera mnayojivunia hamuifundishi sawasawa. Umeme wetu ni hezi 50, taa za tyubu zinamemeta mara 100 kwa sekunde. Kijana anaiga video za Marekani, kwenye hezi 60, anaweka fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, mikanda ya giza inapita kwenye picha, anaambiwa kamera mbovu. Aweke fremu 25, shata 1/50.

Skripti ndiyo inanikera kuliko yote. "Mtaongea hapohapo, mtajua la kusema" si ufundishaji. Kila sini, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, ina kichwa chake: NDANI au NJE, mahali, mchana au usiku. Ukurasa mmoja uliopangwa hivyo ni takriban dakika moja ya filamu, na hapo ndipo ratiba na bajeti zinapotoka: unaona sini zote za sebuleni, unazipiga siku moja hata kama kwenye hadithi zimeachana mwaka mzima. Na mfundisheni aandike kinachoonekana. "Asha anaumia kwa sababu mumewe alimdanganya" haipigiki picha. Asha anapanga sahani tatu mezani, kisha anairudisha moja kabatini: hiyo inapigika.

Vibali navyo mnavipita kimya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na kinaombwa Bodi ya Filamu. Cha droni kinaombwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mnamtuma mwanafunzi mtaani hana hata karatasi moja.

Wazazi, kabla hamjalipa, ombeni kazi ya mwanafunzi aliyekwisha kumaliza, sini ya watu wawili wakizungumza nje penye upepo, msikilize kwa hedifoni. Na wenye kozi mjibu hapahapa: mna bumu ngapi, vinasa sauti vingapi, kwa wanafunzi wangapi?