Nimchoreje mamba muntu katika mto uliochafuliwa bila picha kugeuka bango?

Fundi wa Katuba (mtaa wa Lubumbashi, Kongo)

Wazee wangu na ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Ninatayarisha mfululizo wa picha za rangi ya mafuta kuhusu maji ya hapa kwetu, na ningependa zibebe mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni maji kama makao ya wale wasioonekana, jinsi tulivyosimuliwa utotoni. La pili ni maji kama mali inayogombaniwa na kuharibiwa, tangu kiwanda cha kuyeyusha shaba kilipoanza kazi mwaka 1911 karibu na mto wa Lubumbashi, mpaka leo, ambapo wakulima wa mboga wa bonde la Kafubu wanamwagilia matuta yao kwa maji ambayo hakuna anayewathibitishia usalama wake.

Mhusika wangu mkuu ni mamba muntu, yule nguva wa hadithi zetu. Wengi wenu mmemwona katika sebule za wazazi: mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, ameketi ukingoni, saa ikiwa mkononi, pengine na nyoka mabegani, na nyuma yake maji ya buluu yaliyotulia kabisa. Katika miaka ya 1970 picha hiyo ilipendwa mno katika nyumba za wafanyakazi wa jiji hili, nayo ilichorwa juu ya amerikani au juu ya mfuko wa unga uliopakwa rangi nyeupe kwanza.

Shida yangu ni kwamba kila ninapomweka katika mto mchafu anapoteza nguvu zake. Nimemchora akikohoa katikati ya chupa za plastiki, nimemchora akiwa maiti pamoja na samaki wake, nimemchora akimnyooshea kidole tajiri mwenye mgodi, na kila mara watu wameitazama picha, wakasema wameelewa, wakaenda zao. Nikimwacha katika maji yake safi, wanasimama, wanaanza kusimulia habari za mjomba fulani aliyetajirika ghafla, lakini hakuna hata mmoja anayetaja mgodi. Je, mambo haya mawili yanaweza kukaa katika picha moja? Na je, ni haki kuitumia imani ambayo baadhi ya majirani wangu wanaiogopa kwelikweli kama chombo cha kusemea siasa?

Mzee wa Brashi (Kamalondo)

Mwanangu, umemfanya mamba muntu mgonjwa, na mgonjwa huhurumiwa, haogopwi. Ndiyo maana wanapita.

Kumbuka hadithi yenyewe inavyosimuliwa. Mtu anaokota shungi la nywele zake au kitana chake kando ya maji, anakificha nyumbani. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni kudai kilicho chake, na hapo ndipo wanapoanza kupatana bei: yeye atampa mali, na mtu atamlipa kwa kunyamaza, na mara nyingi kwa uhai wa mtu wa ukoo wake. Hakuna mahali popote katika hadithi hiyo panaposemwa kwamba mamba muntu ni mlinzi wa mazingira. Yeye ni mfanyabiashara, tena mgumu. Nadhani wafanyakazi walioishi kwa mshahara wa migodi hawakumtundika sebuleni kwa sababu ya uzuri wa mto. Walimtundika kwa sababu alieleza jambo walilokuwa wakiliona kila siku, kwamba kuna utajiri unaotoka chini, gizani, na kwamba kuna mtu anayeulipia ambaye si yule anayeufaidi. Siasa unayoitafuta imo ndani ya picha tangu zamani. Wewe unaibandika nje wakati inakungoja ndani, katika yale mapatano.

Kwa hiyo nisingegusa umbo lake hata kidogo. Ningemwacha ameketi vilevile, mtulivu, akimtazama anayemtazama. Ila angalia ile saa. Wachoraji wa wakati ule walimvika kitu ambacho kila mtu alikitamani mwaka huo. Leo angeshika nini? Simu, bila shaka, na betri ya simu hiyo ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu. Lakini nakusihi, uichore kwa ukubwa uleule wa saa ya zamani, isizidi. Ukiikuza tu, umerudi kwenye bango lako.

Kisha chora mapatano yenyewe: nyumba nzuri, meza iliyoandaliwa, sombe ya majani ya muhogo mezani, na kiti kimoja kitupu. Mkazi wa Lubumbashi hatahitaji maelezo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa vijana mnapenda kuandika maneno mengi ndani ya picha. Mtazame mchoraji Pilipili Mulongoy, aliyetoka katika karakana ya sanaa ambayo Mfaransa Romain-Desfossés aliifungua hapa mjini mwaka 1946. Katika maji yake mkubwa anammeza mdogo, kila nafasi imejaa alama ndogondogo za brashi, na hukuti hata sentensi moja ya kukufundisha.

Mkemia wa Kipushi

Mzee amesema ya sanaa, nami nitasema ya maji, maana nimechoka kuona mito michafu ikichorwa kwa rangi nyeusi.

Maji yaliyoharibiwa na asidi ya viwanda vya shaba mara nyingi ni maangavu kuliko maji mazima. Mto wenye afya una ukungu wake: udongo laini, majani yanayooza, vijidudu na mwani. Asidi inapoingia, viumbe vinakufa, na chembechembe za udongo hushikana zikazama, kwa hiyo unaona mpaka mawe ya chini. Shaba iliyoyeyuka ikiwa nyingi, maji huelekea buluu yenye kijani, rangi ambayo mgeni angeipigia picha kwa furaha. Chuma kikianza kutua, mawe hufunikwa na utando wa rangi ya chungwa usiotoka kwa kusuguliwa. Na pale mafundi wanapomwaga chokaa ili kuipooza asidi, hubaki tope jeupe au la kijani hafifu linaloganda ukingoni na kupasuka likikauka.

Sasa soma tena maelezo yako mwenyewe: maji ya buluu, yaliyotulia kabisa. Picha ya sebuleni ya mwaka 1975 tayari inafanana na bwawa la maji ya kiwanda. Huhitaji chupa hata moja ya plastiki. Ondoa samaki, ondoa matete, ondoa ndege, weka ule mstari wa chungwa juu ya mawe ambayo mkia wake unayagusa, kisha acha buluu ileile. Mtu wa kawaida ataona uzuri. Mtu aliyeishi karibu na mgodi atashtuka, kisha atamweleza mwenzake aliyesimama kando.

Kuhusu madhara, usiseme zaidi ya yaliyothibitishwa, kwa sababu wenye migodi hupenda sana kukamata neno moja lililotiwa chumvi ili wakatae mengine yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, ulipima mkojo wa wakazi wa Katanga, eneo letu hili la migodi, na kukuta kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti kwa viwango vya juu sana, pamoja na arseniki, kadimiamu, risasi na urani. Hiyo inatosha, tena inatisha bila kuongezwa lolote.

Na tafadhali usichote tope la mto ukalisaga kuwa rangi, hata kama wasanii wengine wanaona ni jambo la maana. Vumbi lake utalivuta wewe, na watoto wako watakanyaga litakalobaki sakafuni.

Mama wa Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi)

Mzee, shikamoo. Naiheshimu kazi yako, lakini kiti kitupu mezani kinanitia wasiwasi mkubwa.

Katika mitaa yetu kuna watu wanaonyoshewa vidole. Mtu akifungua duka likafanikiwa, kisha akafiwa na mtoto, huanza kusemwa kwamba amefunga mapatano na mamba muntu au na wachawi, na katika miji ya nchi hii kuna watoto waliofukuzwa majumbani kwa sababu ya tuhuma kama hizo. Picha inayoonyesha nyumba ya mwenyeji mwenzetu na kiti kitupu inamrudishia lawama mtu wa chini, wakati aliyeuharibu mto haishi Katuba wala Kenya. Hiyo nayo ni siasa, na ni mbaya. Wengi wetu tuliziondoa picha hizo ukutani tulipoanza kwenda katika makanisa ya uamsho, nami niliitoa ya baba yangu. Sijutii, ingawa nakiri ilikuwa imechorwa vizuri.

Kama ni mapatano unayotaka kuyachora, mwanangu, yapo ya kweli. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni ziandikiane na jamii zinazozizunguka ahadi za maendeleo, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya jamii hizo. Chora hiyo karatasi ikisomwa chini ya mwembe kwa Kifaransa mbele ya wazee ambao hawakijui, na mamba muntu ameketi miongoni mwa mashahidi. Hapo hakuna jirani atakayeonewa.

Kuhusu swali lako la haki, mimi nasema usizitundike picha hizo karibu na mahali ambapo watu wanateka maji. Kwenye ukumbi mtu huingia kwa hiari yake. Bombani hana hiari.

Mkaaji wa Bukavu

Nawasalimu kutoka Ziwa Kivu. Sisi huku tunayo plastiki, tena nyingi, inayosukumwa na maji mpaka mahali mto wa Ruzizi unapotoka ziwani na kuziba mitambo ya bwawa la kwanza la umeme, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila msanii wa Bukavu amekwisha kuichora. Ubaya wake ni kwamba chupa inamshitaki mama aliyeitupa mlimani, na haimuulizi mtu yeyote kwa nini hakuna gari la taka linalopanda huko. Kwa hiyo naungana na Mkemia: iache plastiki.

Lakini nadhani kuna jambo ambalo wote mmelipita. Maji ya mamba muntu katika picha hizo hayana mahali. Hayatoki popote wala hayaendi popote.

Nitatoa mfano wa Osogbo, Nigeria. Huko kuna msitu mtakatifu wa Osun, mungu wa kike wa mto, ambamo Susanne Wenger, mzaliwa wa Austria aliyeipokea dini ya Wayoruba, pamoja na mafundi wa Kiyoruba walisimamisha sanamu na mahekalu kwa miaka mingi kuanzia karne iliyopita, wakati miti ilikuwa ikikatwa na ardhi ikinyemelewa. Sanaa ile iliuokoa msitu: mwaka 2005 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia, na kila Agosti maelfu ya watu hukusanyika kwa sherehe ya mto. Ila mipaka ya eneo takatifu inazunguka miti, na mto unatoka nje ya mipaka hiyo. Wachimbaji wa dhahabu walioko juu wameyafanya maji kuwa ya kahawia na kuyatia metali, hata waumini wakaonywa wasiyanywe maji ya mungu wao. Waliolinda walilinda vema, lakini walilinda mahali, na maji hayakai mahali.

Kwa hiyo, ndugu Fundi, usifikirie picha moja moja. Yafuate maji. Mto wa Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula mpakani mwa Zambia, Luapula inaingia Ziwa Mweru, kutoka hapo Luvua inashuka mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo inayopita Kisangani na Kinshasa. Zitundike picha zako kwa mpangilio huo, na mamba muntu awe yuleyule katika kila moja, ila akibadilika kidogokidogo. Wa Kinshasa atakapoiona ya mwisho, ajue kwamba naye yumo.

Fundi wa Katuba

Nawashukuru sana. Mpangilio wa mto nimeupokea, na maji ya buluu yasiyo na kiumbe pia. Mama, nimekuelewa: nyumba na meza sitazichora. Nitaichora karatasi chini ya mwembe, ila sura za waliotia sahihi hazitaonekana, mikono yao tu.

Nina swali moja la mfukoni. Ningependa buluu hiyo iwe ya kobalti yenyewe, kwa sababu madini ya kwetu yamesafiri yakarudi ndani ya tyubu, lakini bei yake dukani inaumiza. Naweza kuichanganya?

Mzee wa Brashi (Kamalondo)

Mama amesema kweli kuhusu meza, naiondoa hoja yangu. Mikono bila sura siipendi, ni ujanja wa wanaoogopa kuchora nyuso, lakini picha ni yako.

Kuhusu rangi, tandika kwanza buluu ya ultramarini iliyochanganywa na nyeupe, iache ikauke sawasawa, kisha pitisha kobalti juu, nyembamba, mahali ambapo jicho linatua tu. Na kama unatumia mfuko wa unga, upake gundi pande zote mbili kabla ya nyeupe, kwa maana uzi wake hunywa mafuta na baada ya miaka michache huvunjika.

Mkemia wa Kipushi

Naongeza dogo. Buluu ya kobalti, ambayo Mfaransa Thénard aliitengeneza mwaka 1802, ina alama yake ya kimataifa. Geuza tyubu usome maandishi madogo ya nyuma: ikiwa imeandikwa PB28 ni yenyewe; ukikuta PB29 na nyeupe, umeuziwa ultramarini kwa bei ya kobalti.